Leseni ya bunduki: Kanada tunadai, Kenya tunabembeleza

Nikiwaambia jamaa zangu wa Taita kwamba huku Alberta, Kanada, nina leseni ya bunduki, na kwamba niko pamoja na wanaoipigia serikali kelele ibadilishe sheria ya silaha, wanadhani nimeshageuka Mmarekani. Picha iliyo vichwani mwao ni ya mtu wa Texas anayeingia dukani na bastola kiunoni. La hasha. Katiba ya Kanada haimpi mtu haki ya kubeba silaha, na mimi wala sitaki impe. Ninachodai ni jambo dogo kuliko hilo: mwenye leseni ajue alipewa kwa masharti gani, na akinyang'anywa aambiwe kwa nini. Dogo, lakini Kenya sijaliona.

Leseni yenyewe haipatikani kirahisi. Unalipia kozi, unakaa darasani, kisha unafanya mtihani wa kuandika na wa vitendo. Ukipata chini ya asilimia 80 umeanguka. Wa vitendo ndio unaotoa jasho. Bunduki zimepangwa mezani, zimelemazwa makusudi zisifyatue, na kando yake risasi za bandia. Unaagizwa uhakikishe kwamba bunduki ni tupu, kisha uvuke nayo ua bila kuhatarisha mtu. Kijana aliyenitangulia, mtoto wa shamba aliyelelewa na bunduki nyumbani, alianguka kwa sababu kidole kilibaki kwenye kifyatulio huku anajibu swali. Mwalimu hakumgombeza. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, basi.

Baada ya hapo kuna fomu. Watu wawili wakudhamini, na mke wako lazima ajue unaomba, hata yule mliyeachana ndani ya miaka miwili. Mke wangu aliisoma neno kwa neno kabla ya kutia saini, akaniuliza kama nyama ya duka imeisha. Anayeomba kwa mara ya kwanza husubiri siku zisizopungua 28. Leseni ni ya miaka mitano, na muda wote huo jina lako linapitishwa kwenye rekodi za polisi kila siku.

Ni masharti makali na siyalalamikii. Yameandikwa, na ni yaleyale kwa waziri na kwa dereva wa lori. Ukinyimwa, ofisa anawajibika kukuandikia sababu, nawe unaweza kumpeleka mbele ya hakimu azieleze.

Kelele zetu zinahusu mambo mengine. Aprili 2020 mtu mmoja aliua watu 22 katika jimbo la Nova Scotia. Hakuwa na leseni, na baadhi ya silaha zake ziliingizwa kwa magendo kutoka Marekani. Tarehe 1 Mei serikali ya Justin Trudeau ikapiga marufuku aina zipatazo 1,500 za bunduki kwa amri ya baraza la mawaziri, bila kura bungeni. Waliobanwa ni waliokuwa na leseni. Ombi la kupinga amri hiyo lilitiwa saini na watu zaidi ya laki mbili, na serikali haikutikisika.

Novemba 2022 walijaribu tena, wakachomeka katika mswada wa silaha, C-21, vifungu vilivyogusa hata bunduki za kuwindia. Hapo walikanyaga nyoka mkia. Machifu wa wenyeji asilia walisimama kidete, kwa kuwa kwao bunduki ndiyo kitoweo. Wabunge wa maeneo ya kaskazini wakaanza kuupinga upande wao wenyewe. Carey Price, golikipa mashuhuri wa magongo ya barafu, akaweka picha yake akiwa mawindoni. Februari 2023 vifungu vikaondolewa. Mswada ulipokuja kuwa sheria Desemba mwaka huo, uliendelea kuzuia ununuzi wa bastola, na ukambana mwenye leseni anayempiga mkewe. Hilo la pili naliunga mkono kwa mikono miwili.

Si kwamba wenzangu ni malaika. Katika joto la kampeni ileile, chama cha Canadian Coalition for Firearm Rights kilitoa punguzo la bei dukani kwake kwa kutumia neno la siri POLY, siku chache kabla ya kumbukumbu ya wanawake 14 waliouawa kwa risasi chuoni École Polytechnique, Montreal, mwaka 1989. Walisema walikuwa wanalikejeli kundi la wapinzani wao, PolySeSouvient. Ujinga mtupu.

Sasa Kenya. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uwe na sababu nzuri na ofisa aridhike kwamba hutahatarisha usalama. Sababu nzuri ni ipi? Kuwinda haiwezi kuwa, kulipigwa marufuku mwaka 1977. Ndovu anayekesha kwenye mahindi ya shangazi yangu naye huruhusiwi kumgusa, na hapo ni sawa. Inabaki biashara, cheo na kujuana. Mwaka 2013 raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lililovamiwa na magaidi, kuokoa watu, tukawapigia makofi. Desemba 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, akaagiza kila raia mwenye leseni apigwe msasa upya ndani ya siku 90. Sababu alikuwa nayo: kulikuwa na mabwana wanaochomoa bastola baa kwa ugomvi wa kuegesha gari. Lakini wale waliozipata kwa njia ya panya, nani aliwapa?

Utaambiwa Kenya si Kanada, silaha haramu zimejaa. Ni kweli. Makadirio ya shirika la utafiti wa silaha la Small Arms Survey ya 2017 yalikuwa karibu silaha 750,000 mikononi mwa raia, na zilizosajiliwa hazikufika hata 10,000. Kumkomoa huyu wa daftarini hakuondoi bunduki hata moja kwa wezi wa mifugo wa Baringo. Tungeanza na mtihani mmoja kwa wote, usiokwepeka kwa simu ya mkubwa, na barua ya sababu kwa kila anayenyimwa. Hiyo barua Katiba ya 2010 tayari inaidai, Kifungu cha 47.

Wa kuidai ni nani? Kipo chama cha wamiliki, National Gun Owners Association of Kenya, na kazi yake ya mafunzo naiheshimu, ila mtu mmoja mmoja wanaogopa. Nilimpigia mjomba, ambaye ana cheti halali tangu enzi za Moi, nikamuuliza kama angetia saini ombi la kupeleka bungeni.

"Mwanangu," akasema, "nikishatia saini, mwaka ujao nikienda kukihuisha hicho cheti nitamkuta nani dirishani?"

Kisha akaniuliza habari za baridi.