Mshumaa wa ncha mbili si pongezi

Mtu anayelala usiku wa manane na kuamka kabla ya adhana ili amalize kazi, Waingereza husema anauchoma mshumaa ncha zote mbili: "burning the candle at both ends". Huku kwetu naona msemo huu unageuzwa sifa, eti fulani ni mchapakazi kweli kweli. Tunakosea. Hiyo ni lawama tangu ilipozaliwa.

Asili yake ni Ufaransa. Randle Cotgrave aliuweka katika kamusi yake ya Kifaransa na Kiingereza iliyotoka London mwaka 1611, na wakati huo ulihusu ufujaji wa mali, wala si kukosa usingizi. Baadaye ukatumiwa kwa nyumba ambayo mume na mke wote ni wabadhirifu.

Utazame mshumaa wenyewe. Wa watu wa kawaida ulikuwa wa mafuta ya ng'ombe au kondoo. Ukisimama wima, mafuta yanayoyeyuka hutuama juu kuzunguka utambi, utambi ukayanywa polepole. Ili uwake ncha zote mbili lazima uulaze. Ukilala, mafuta hayana pa kutuama. Yanachuruzika chini kabla hayajaungua. Kwa hiyo hupati hata nusu ya muda wake, maana sehemu ya mafuta imemwagika bure. Tena utambi wa zamani ulihitaji kukatwa kila mara usitoe moshi. Hapa ni tambi mbili za kuchunga. Na Uingereza ilitoza kodi ya mishumaa hadi mwaka 1831, kwa hiyo hasara hiyo waliijua vizuri.

Nadhani wengi wanauchanganya na msemo mwingine, wa kuchoma mafuta ya usiku wa manane: "burning the midnight oil". Huo ndio wa heshima: mwanafunzi aliyekesha na taa akisoma, kesho akalala. Mafuta yametumika, kazi imeonekana. Wa mshumaa unasema juu ya mtu anayejimaliza huku na huku, siku baada ya siku, na sehemu ya nguvu zake inapotea bila kuzaa chochote.

Basi ukimwandikia bosi kwa Kiingereza kwamba ulikesha usiku mmoja kumaliza ripoti, taja mafuta. Mshumaa utaje pale unapoomba kazi zipunguzwe, au unapomwonya mwenzako apumzike. Na usimwandikie mtu huo wa mshumaa kwenye kadi ya pongezi.