Muacheni Akose Penalti

Wiki iliyopita nilihudhuria bonanza la watu wenye ulemavu hapa Chake Chake, Pemba. Fulana mpya, mgeni rasmi, hotuba juu ya hotuba mpira haujaguswa. Ikaja penalti. Kijana mwenye ulemavu wa akili akaupiga, mpira ukatambaa, na kipa akaruka upande wa pili kwa makusudi. Goli! Makofi, simu juu. Kijana alimtazama kipa, akatutazama sisi, akaondoka bila kushangilia. Mnadhani hakuelewa?

Kila mwenye kipaza sauti siku ile alisema michezo inawasaidia watu hawa kuishi na wenzao. Kweli, lakini jasho peke yake halimfundishi mtu kuzungumza. Kinachofundisha ni yale ya katikati: kusubiri zamu, kuomba pasi ukanyimwa, kumsoma mwenzio usoni kama kakasirika au anatania, kugombania mpira uliotoka na kesho mkarudi kiwanjani pamoja. Ukimpangia mtu ushindi umemnyang'anya yote hayo, umembakishia fulana.

Mtoto wa dada yangu ana ulemavu kama huo, na hucheza na watoto wa mtaani baada ya laasiri. Hawamhurumii hata chembe. Akifungwa kizembe wanamzomea. Zamani alikuwa akikimbilia kwa mama yake analia. Siku hizi anawajibu, tena kwa maneno mengine ya aibu, ambayo juzi kayamwaga mbele ya babu yake. Dada akataka kumfungia ndani. Nikamwambia, dada, muache, huyu sasa ana wenzake.

Wala si fikra yangu pekee. Special Olympics, jumuiya ya michezo ya watu wenye ulemavu wa akili iliyoanza Marekani mwaka 1968, ina timu zinazochanganya wachezaji wenye ulemavu wa akili na wasio nao.

Haya, nakubali, bonanza huwatoa nje watu wanaofichwa na familia zao. Na viziwi wakicheza wenyewe kwa wenyewe wana raha yao, lugha ya alama inakwenda bila mkalimani. Lakini bonanza ni siku moja. Na mwenye kiti cha magurudumu atafikaje kiwanjani kwa njia ya mchanga, na daladala haimsimamii? Hilo mgeni rasmi hakuligusa.

Kwa hiyo nasema na nyinyi makocha wa mitaani, mnaokusanya vijana kila jioni. Mpira mnao, kiwanja mnacho. Mwiteni na yule anayeshinda barazani kwao akikutazameni. Akicheza vibaya mtoeni, muingize mwengine, kama mnavyowafanya wote.