Mfarishi wa Mama Mkwe

Mume wangu ni mtu wa amani, hagombani hata na makonda. Ugomvi wake ni na kiroba changu tu.

Kiroba chenyewe kilikuwa cha unga, sasa kinakaa chini ya kitanda kimeshonwa mdomo kisitapike. Ndani ni vipande. Mimi nashonea nyumbani hapa Tabata, na anayeshona Dar anajua kwamba mji huu hauolewi bila sare. Kitchen party sare, send-off sare, harusi sare, kipaimara sare. Msiba nao una kanga zake. Kila sare inaacha mabaki: nusu duara ya shingo, pembe za kwapa, na ile robo yadi ambayo mteja anakuangalia kwa huruma na kukwambia, "Baki nayo tu, fundi." Hiyo robo yadi ndiyo iliyoniharibia ndoa.

"Hivi hii ni nguo au takataka?" mume wangu aliniuliza siku aliyojikwaa usiku akienda chooni.

Nikampa somo. Nikamwambia hata kanga unayoiona ilianza kwa kuungwaungwa: wanawake wa pwani, karne ya 19, walinunua leso, vile vitambaa vya mraba vya Wareno, wakaviunga sita kuwa vazi moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akishika kidole cha mguu.

"Wao waliunga, wakavaa," akasema. "Wewe unaunga lini?"

Basi mama mkwe akapiga simu kwamba anakuja kutibiwa macho. Mama mkwe anaishi Njombe, na Njombe mwezi wa Julai si mahali pa kuzungumzia ukiwa umevaa dela. Nikajua nimepata jibu la kiroba. Nitamshonea mfarishi mzito wa kitanda chake cha nne kwa sita, juu viraka, katikati blanketi kuukuu, chini shuka zima.

Wanaodhani viraka ni kazi ya kupumzikia, wajaribu. Kwanza unafua vyote, kwa sababu kanga ikiingia maji inarudi na kitenge hakirudi kiasi hicho, ukishona vikiwa vibichi mfarishi unakunjamana siku ya kufuliwa. Nyekundu unailoweka peke yake, ikimaliza kutoa rangi ndiyo unaiamini. Halafu pasi. Halafu unakata vya mraba, inchi tano kwa inchi tano, kwa kipimo nilichokata kwenye boksi la viatu, na kila mshono unakula robo inchi, si zaidi, maana ukizidisha kidogo tu kila kipande, ukifika mwisho wa mstari kona hazikutani na kitanda kimekosa mguu. Kupitisha sindano kwenye tabaka tatu ndiyo balaa. Namba 14 ilivunjika, nikaweka 16 ikavunjika, nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kununua 18, na nikarudi nayo pamoja na robo yadi nyingine ambayo hakuna aliyeniona nikiinunua.

Sasa, pembeni nilitaka pindo. Kanga nilizokuwa nazo zilikuwa kuukuu, mji, ile sehemu ya katikati, umechakaa umekuwa chujio, lakini pindo na jina, yaani yale maneno yake, bado vizima. Kutupa jina la kanga ni dhambi. Nikayakata majina vipande vya neno moja au mawili niyapange mistari mitatu kichwani pa mfarishi, mahali mtu anapofunua akilala. Yalikuwa maneno mazuri tu: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. NANI KAMA MAMA. HASIDI HANA SABABU. Na MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE, hiyo nilipewa na wifi yangu na sikuwahi kumuuliza alimaanisha nini.

Nilivipanga chini sebuleni jioni. Umeme ukakatika. Mume wangu akapita gizani akiitafuta simu, mtoto wa Darasa la Pili akapita akimfuata baba, na paka wa jirani akapita kwa sababu zake. Aliyeviokota na kuvirudisha vizuri mstarini mpaka leo hajatajwa. Cherehani yangu ni ya mguu, haiogopi mgao, nikawasha tochi ya simu, nikaitundika kwenye msumari wa kalenda, nikashona. Na mimi nikishona viraka naangalia rangi: bluu isikae na bluu, nyekundu isiguse zambarau. Fundi anayesoma kila kanga anayokata hamalizi kazi.

Mfarishi ukaisha siku moja kabla mama hajaondoka. Jumapili nikapika pilau, ukoo ukajaa: wifi, shemeji, mjomba wa Mbagala na mke wake. Mama alikuwa kakaa kwenye kochi kubwa na miwani yake mpya kwenye kikasha, kwa sababu anaitunza, anasema ni ya kusomea Biblia tu. Nikautoa mfarishi, nikamtandikia magotini. Vigelegele! Mke wa mjomba akapapasa mishono, akasema, "Huu ukienda dukani hununui."

Nikavimba.

Wifi akamvuta mwanangu. "Njoo baba, umeanza kusoma wewe. Hebu tusomee bibi alichoandikiwa."

Mwanangu ni mtoto mtiifu. Akaweka kidole kwenye kipande cha kwanza.

"Ha-si-di," akasema. "Njo-o."

Mjomba akaacha kutafuna.

"Endelea, baba," wifi akasema. Simu yake ilikuwa imeshapanda usawa wa uso, inarekodi.

Kidole kikashuka mstari wa pili. "Mge-ni. Ha-na. Sa-ba-bu."

Nikasema chakula kinapoa. Hakuna aliyegeuka. Mume wangu alikuwa anaangalia feni ya dari na ilikuwa haizunguki. Mtoto naye keshanogewa, hakati tena silabi, anatiririka kama mtangazaji wa mpira: "Kama mama! Kumbe siye!"

Akapigiwa makofi na mtu mmoja, yeye mwenyewe.

Mama mkwe akafungua kikasha. Akavaa miwani, sikio moja, sikio la pili. Akausogeza mfarishi karibu, akafuata maneno yote kwa kidole kilekile alichotumia mjukuu, akarudi juu, akasoma tena. Nilitamani nimueleze habari za umeme na paka, lakini habari ya paka ukiianza mbele ya ukoo unazidi kujichimbia.

"Mkwe," akasema. "Haya umeyapanga mwenyewe?"

"Mama, mimi niliangalia rangi tu."

"Unaweza kuupanga tena hivihivi?"

"Mama?"

"Nina jirani," akasema, akiyatoa maneno polepole kama mtu anayehesabu hela. "Kanisogezea mpaka kwenye shamba la parachichi. Mwenyekiti wa kijiji kaja, katuamua, usiku kausogeza tena. Mshonee wa kwake. Huo wa mama utoe, yeye si mama yangu. Hasidi weka wawili."

Wifi akazima kamera, kwa masikitiko.

Nikashona. Mfarishi wa jirani ukapanda basi Mbezi kama mzigo, na kwa wiki kadhaa hatukusikia kitu. Kisha mama akapiga simu, anacheka mpaka mtandao unakatika. Jirani kaupokea kwa mikono miwili, kaupenda, kautandaza kwenye kochi la wageni. Akaja mchungaji kumtembelea. Mchungaji kasimama mlangoni, kasoma HASIDI NJOO, hajui kama amekaribishwa au afanyeje.

Juzi ikaingia namba nisiyoijua. Mama mmoja, sauti ya upole, salamu ndefu za kule kwao. Amesikia mimi ndiye fundi, anataka mfarishi wa zawadi, maneno ataniletea mwenyewe, hela anatuma leo.

Nikamuuliza kitanda cha huyo anayezawadiwa kina ukubwa gani.

"Nne kwa sita," akasema. "Nimeshawahi kukiona. Weka na foronya mbili, mwanangu, maana naye ana miwani siku hizi."

Nimeshapokea nusu ya malipo.