Kwadi Themanini, Tope Moja

Lalamiko kubwa dhidi ya mikusanyiko ya pikipiki za magurudumu manne, ambazo wenye kuziendesha huziita kwadi, ni idadi. Watu wa Nairobi wanapakia mashine kwenye pikapu na trela Ijumaa jioni, wanashika barabara ya Namanga au wanakata kuelekea Machakos, na Jumamosi asubuhi uwanda uliokuwa na ng'ombe una injini themanini zinazonguruma matopeni. Mfugaji akiona hivyo haulizi swali la pili. Themanini ni nyingi kuliko tano, basi themanini zinaharibu zaidi. Hesabu hiyo inaonekana haina kasoro, ila udongo hauhesabu hivyo.

Gurudumu linapokanyaga ardhi iliyolowa, madhara makubwa hutokea mwanzoni kabisa. Mapito machache ya kwanza ndiyo yanayong'oa nyasi, kufinya nafasi za hewa na kuacha mfereji. Pito la hamsini juu ya mfereji uleule huongeza kidogo tu juu ya lile la kumi. Sasa chukua kwadi tano za marafiki waliotoka mjini bila kumwambia mtu. Kila mmoja anatafuta tope ambalo halijaguswa, maana lililokwisha kukanyagwa halina utamu. Kila mashine ikienda kilomita 20 kwenye ardhi mpya, na magurudumu ya pande mbili yakiacha ukanda wa sentimita 60 kwa jumla, marafiki hao watano wamekanyaga hekta 6 kwa siku moja. Wikendi ijayo watatafuta hekta nyingine 6. Kwadi themanini zinazozunguka njia moja ya kilomita 6, yenye upana wa mita 4, zimeishia hekta 2.4, hata zikizunguka kutwa nzima. Hao watano hakuna anayewaandika kwenye gazeti, kwa sababu hawakubandika bango.

Hesabu hii ina sharti lake, nalo huvunjwa mara nyingi. Dereva akifika penye shimo ambalo mwenzake amezama, hasubiri, hulizunguka. Wa tatu humzunguka wa pili. Kufikia saa nane mchana njia ya mita nne imekuwa uwanja wa mita thelathini, na faida yote ya kukusanyika imekwisha. Kuwahutubia madereva asubuhi hakusaidii. Kinachosaidia ni vigingi na utepe pande zote mbili penye tope zito, pamoja na mtu mwenye redio ya mkononi kwenye kila shimo, aliyepewa mamlaka ya kufunga njia mpaka aliyezama atolewe. Mwandaaji asiye na watu hao asipokee mashine themanini, wala kumi.

Udongo wenyewe nao hubadilisha hukumu. Ule mweusi wa Kitengela, Athi River na sehemu za Kajiado huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Wakati wa kiangazi nyufa huingia ndani sana na mabonge ya juu huporomokea humo. Kwa njia hiyo ardhi hujilima yenyewe, na mfereji wa gurudumu ukiachwa bila kukanyagwa tena hufifia baada ya misimu kadhaa. Udongo mwekundu wa miteremko, kama ya Ngong na Limuru, hauna tabia hiyo. Mfereji wa sentimita kumi na tano ulioshuka na kilima unakuwa njia ya maji mvua ikirudi, na baada ya misimu michache ni korongo. Ajabu ni kwamba waendeshaji wengi huuona mwekundu ndio mzuri, kwa sababu mashine hairudi imegandwa. Wakitaka kuumiza ardhi kidogo, wachague kule kunakowachafua zaidi.

Hapo sasa mfugaji ana hoja ambayo waendeshaji huipita juujuu. Bonde jeusi lililo tambarare, hilohilo linalosifiwa hapa, ndilo linaloshika maji mwisho na kubaki na majani mwisho. Mfugaji huliacha bila kulisha wakati wa mvua ili mifugo ipate mahali pa kukimbilia kiangazi kikishika. Hekta 2.4 si kitu kwa anayekuja kucheza, lakini kwake ni lishe ya siku ambazo hakuna pengine pa kwenda. Isitoshe, msimu wa matope ndio msimu ambao nyumbu na pundamilia wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi hutoka kupitia upande wa kusini usio na ua na kutawanyika kwenye nyanda za Kitengela na Athi. Ardhi iliyo kwenye mapito yao haifai kwa mchezo huu, uwe mkubwa au mdogo, na hakuna vigingi vya kulitatua hilo.

Wenye kutetea mikusanyiko hupenda kutaja Rhino Charge, shindano la magari la Kenya la kuchangisha fedha za uhifadhi, na wana haki ya kuitaja. Tangu 1989 magari hutafuta vituo 13 ndani ya saa 10, na mshindi ni aliyetembea umbali mfupi zaidi, si aliyekwenda kasi. Mahali hufichwa hadi karibu na siku yenyewe ili watu wasitangulie kuchimba njia zao. Fedha zake zimesaidia kujenga ua wa umeme unaozunguka msitu wa milima ya Aberdare, karibu kilomita 400, uliokamilika 2009. Ila wakosoaji nao hawajakosea wakisema mfano huo haufanani sana na kwadi. Ule ni mchezo wa mawe na vichaka, unaofanyika wakati mvua ndefu zinaisha, na idadi ya magari ina kikomo. Somo linalobaki ni dogo lakini lina uzito: umati unaolipa kiingilio unaweza kulipia mambo ambayo watu watano hawawezi.

Jambo la kwanza katika hayo ni kumtoa aliyezama. Kwadi pamoja na matope iliyobeba tuseme ina kilo 400. Ikizama kwenye magurudumu tu, nguvu ya kuivuta inakaribia uzito wake. Tope likifika kwenye madigadi, mara mbili. Likifika kitini, mara tatu, yaani kilo 1,200. Winchi za kwadi, yaani mota za kuvutia kamba, kwa kawaida zimeandikwa pauni 2,500 hadi 3,500, takriban kilo 1,130 hadi 1,590, na nguvu hiyo hupatikana kwenye tabaka la kwanza la kamba tu, lile linalogusa ngoma inayokunjia kamba. Kila tabaka linaloongezeka juu yake hupunguza nguvu, kwa hiyo anayevuta kwa kamba fupi huku ngoma imejaa anavuta kwa sehemu tu ya alicholipia. Dawa ni kukunjua kamba karibu yote, kuipitisha kwenye kapi na kuirudisha kwenye mashine. Nguvu inakaribia kuongezeka maradufu, mwendo unapungua nusu.

Lakini winchi inataka kitu cha kushikilia, na kwenye uwanda wa Athi mti wa kufaa unaweza kuwa umbali wa kilomita nzima. Marafiki watano huishia kufunga kamba kwenye kwadi nyingine, ambayo nayo inaanza kuteleza kuelekea shimoni. Au huleta gari na kufunga mkanda kwenye kile kichwa cha chuma cha kukokotea trela. Hapo ndipo watu hufa. Kichwa hicho hakikutengenezwa kuhimili mshtuko wa kuvuta kilichonasa, na kikikatika huruka na mkanda kama risasi. Kwenye mkusanyiko uliopangwa, trekta limesimama kando ya shimo kubwa, kwenye ardhi kavu, watazamaji wamerudishwa nyuma kupita urefu wa kamba, na mtu mmoja tu ndiye anayetoa ishara. Ambulensi iko langoni. Mashine ya zaidi ya kilo 300 ikimpindukia mtu kifuani penye maji ya nusu mita, muda ni wa dakika, na ambulensi ya kutoka Nairobi haifiki kwa dakika.

Upande wa mashine tope halichagui kati ya umati na upweke, ila fundi yuko kwenye umati. Maji yakiingia kwenye nyumba ya mkanda wa gia otomatiki, mkanda huteleza, injini inalia na gurudumu halizunguki. Anayezidi kukanyaga mafuta anauchoma. Fungua kizibo cha chini, maji yatoke, kisha zungusha injini kwenye nyutro mpaka mkanda ukauke. Udongo mweusi huziba rejeta kabla hujamaliza mzunguko wa pili. Ioshe rejeta kwa maji ya kumiminika, kutoka nyuma kwenda mbele, wala si kwa mashine ya presha inayokunja mapezi yake na kusukuma matope ndani ya sili za beringi. Jioni chungulia oili ya injini na ya difu, zile gia zinazogawia magurudumu nguvu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia; usiwashe mashine tena mpaka umeimwaga oili hiyo.

Hoja ya mwisho dhidi ya mikusanyiko ndiyo nzito kuliko zote, nayo hutajwa kidogo mno: mbegu. Gugu karoti, ambalo wataalamu huliita Parthenium hysterophorus, limekwisha kuingia kandokando ya barabara nyingi za Kenya. Mmea mmoja uliostawi hutoa mbegu kwa maelfu, ndogo, zinazoganda kwenye tope la magurudumu. Ng'ombe hulikwepa, linasonga majani yanayoliwa, na watu wengine wakiligusa ngozi huwasha na kuvimba. Mashine themanini zilizotoka sehemu themanini zinaweza kulileta mara moja bonde ambalo halijawahi kuliona. Mifereji hufifia, lakini gugu hili likishashika huling'oi kwa msimu mmoja. Kwa hiyo mashine ioshwe mara mbili. Kabla ya kuondoka Nairobi, zingatia chini ya madigadi, ndani ya rimu na pale mkono wa gurudumu unaposhika bodi. Wakati wa kutoka tena, iwe kwenye sehemu moja iliyomwagwa kokoto, maji yake yakusanyike shimoni. Mtoni hapana: kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka ukanda wa kulindwa wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto, na oili ya difu haipaswi kufika huko hata bila kanuni.

Wanaokwenda hawana haja ya kusubiri serikali ili kuyapata haya. Kabla ya kulipa kiingilio, muulize mwandaaji nani anafunga njia, trekta liko wapi, mashine zitaoshwa wapi, na ardhi ni ya nani. La mwisho lisijibiwe kwa jina la mzee mmoja. Ikiwa ni ardhi ya jamii, chini ya sheria ya 2016 saini ya mtu mmoja haitoshi. Mkataba mzuri una kodi na una dhamana pembeni. Dhamana hiyo isirudishwe Jumatatu mashamba yakiwa bado yamelowa, kwa sababu siku hiyo hakuna anayeweza kusema kilichoharibika. Ikae mpaka mvua za vuli zipite, mwenye ardhi na mwandaaji watembee njia yote pamoja, wahesabu mifereji ambayo haijafungika na kutafuta gugu karoti pale mashine zilipooshwa, ndipo wagawane kilichobaki.