Chumvi Punje kwa Punje

Kwanza nikiri: hakuna aliyeniomba. Dada mhariri alikuwa ametulia na Emacs yake, programu ya kuandikia maandishi. Anabonyeza kitufe, programu ndogo niliyomwandikia kwa Lisp, lugha ya kompyuta, inapita kwenye rasimu ya kamusi, inachomoa maneno mafupi ya kukagua, inamaliza. Sekunde 4. Ndani ya sekunde hizo 4 anavuta kikombe, anapiga funda moja la chai ya tangawizi, anarudisha kikombe mahali pake. Maisha yanaendelea.

Aliyeona aibu ni mimi. Sekunde 4 kwa faili la megabaiti 3!

"Dada, nipe wikiendi moja," nikamwambia. "Naiandika upya kwa C."

"C ndiyo nini tena?"

"Lugha ya mafundi wenyewe. Hata hiyo Emacs unayotumia, tumboni ni C. Lisp imekaa juu yake."

"Kwa hiyo itakwenda haraka?"

"Utasahau kama ulibonyeza."

Hayo maneno nayakumbuka vizuri kwa sababu nilirudishiwa yote Jumatatu.

Tangu toleo la 25, Emacs inamruhusu mtu wa nje kuandika moduli, yaani kipande cha programu cha kuongezea, kwa C na kuichomeka. Nikaandika, Jumamosi nzima, simu nimezima. Sasa ile programu ilikuwa na vigeu vitatu, yaani majina yanayobeba thamani, ambavyo dada huvibadilisha mwenyewe upande wa Lisp: urefu wa neno linalohesabiwa fupi, alama inayotenganisha maneno, na kama orodha ionyeshwe kwenye skrini au la. C nayo inavihitaji hivyohivyo. Tatizo ni kwamba C ikiwa ndani ya moduli haiingii chumbani kwa Lisp na kujichukulia. Inabisha hodi. Inataja jina la kigeu, Emacs inalitafuta kwenye daftari lake la majina. Likipatikana, unaita fanksheni (kipande cha programu chenye kazi yake moja) ya Lisp iitwayo symbol-value. Nayo inakuletea thamani imefungwa kama karanga kwenye karatasi, na ni juu yako kuifungua upate namba ambayo C inaielewa. Safari moja ya namna hiyo ni sehemu ndogo mno ya sekunde, hata hujui kama imepita.

Mimi nilibisha hodi kwa kila herufi. Herufi milioni 3, vigeu vitatu.

Yaani mtu anapika pilau ya arusi, anakwenda kwa jirani kuomba chumvi punje kwa punje, na kila punje anaanza upya: hodi, shikamoo mama, habari za watoto, samahani kwa usumbufu. Na kuna jambo nilikuja kulijua baadaye: zile karatasi za kufungia thamani Emacs haizitupi mpaka fanksheni yako imalize kazi na kurudi. Kwa hiyo pamoja na kuwachosha watu mlangoni, nilikuwa narundika mamilioni ya karatasi tupu jikoni kwao.

Jumatatu, mbele ya dada na kijana wa usanifu aliyekuja kushuhudia, nikabonyeza. Kimya. Feni ya laptop ikaanza kulia kama bajaji iliyopakia gunia la mkaa na abiria watatu juu yake. Dada akavuta kikombe. Akapiga funda, la pili, la tatu. Akamwuliza kijana wa usanifu habari za mama yake. Sekunde 11.

"Fundi," akasema taratibu, "kweli bwana. Nimesahau kama nilibonyeza."

Usiku ule sikulala, nilifungua kodi ya Emacs yenyewe, yale maandishi ya programu yaliyoiunda, nione wakubwa wanafanyaje. Nikakuta kigeu gc-cons-threshold, kile kinachoamua Emacs itengeneze baiti ngapi ndipo izoe taka, yaani kumbukumbu isiyotumika tena; kwa kawaida ni 800,000. Kimetangazwa kwa DEFVAR_INT. Maana yake kinakaa kama namba ya kawaida ya C, na C inakisoma papo hapo bila hodi. Lisp ndiyo inayozungushwa: ikikitaka, inaelekezwa pale kilipo na namba inabadilishwa kuwa kitu cha Lisp. Na Lisp ikijaribu kuweka neno badala ya namba, inapigwa kosa hapohapo. Gharama haijafutwa, amehamishiwa yule asiyekisoma mara nyingi. Wajanja kweli.

Nikanakili DEFVAR_INT kwenye moduli yangu. Kompaila, ile inayogeuza C kuwa lugha ya mashine, ikanitapikia makosa skrini nzima. Kumbe ile ni ya watoto wa nyumba. Moduli ni mpangaji: kodi (ile nyingine) analipa, lakini ufunguo wa stoo hapewi.

Basi nikaja na akili nyingine. Kwa nini nibishe hodi kila mara? Nitasoma vigeu vyote mara moja tu, moduli inapopakiwa, nivihifadhi upande wa C. Nikajaribu. Haikufika hata sehemu ya kumi ya sekunde. Nilicheka peke yangu saa nane za usiku kama mtu aliyeokota pochi.

Jumanne dada akabonyeza. Mkono haujafika kwenye kikombe, orodha imetoka. Kijana wa usanifu akapiga makofi. Nikawa naondoka zangu kifua mbele.

"Fundi, hebu rudi."

Alikuwa amebadilisha urefu kutoka 3 kwenda 5. Orodha ileile. Akaweka 8. Ileile. Akaweka 40, urefu ambao ungeifanya kamusi nzima ionekane imejaa maneno mafupi. Orodha ileile, haraka ajabu.

"Mbona hainisikii?"

Ningemwambiaje kwamba C yangu ilisikia saa mbili asubuhi, ikaandika kwenye kikaratasi chake, ikafunga dirisha? Mbaya zaidi, moduli ikishapakiwa kwenye Emacs haichomoleki.

"Funga Emacs halafu uifungue tena," nikasema.

"Kila nikibadili mawazo?"

"Ndiyo, dada."

Hakujibu. Alinitazama tu, halafu akatazama kikombe.

Dawa yenyewe ilikuwa mistari mitatu, na nilitaka kujipiga kofi: soma vigeu mara moja kila kitufe kinapobonyezwa, kabla ya kuanza kuzunguka herufi. Hodi tatu kwa safari nzima. Akibadilisha kitu katikati ya kazi hakitaonekana mpaka abonyeze tena, lakini nani atawahi katikati ya sehemu ya kumi ya sekunde? Jumatano akaweka 5, ikatii. Akaweka 8, ikatii. Nikavuta kiti nikakaa, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikakubali chai.

"Sasa hii orodha kwenye skrini siitaki," akasema. Akaenda kwenye kile kigeu cha tatu, akaandika "hapana" ndani ya alama za kunukuu. Akabonyeza. Orodha ikatokea. Akaandika "HAPANA". Ikatokea tena. Akaandika "hapana bwana". Ikatokea.

Ikabidi nieleze. Kwa Lisp, kisichotakiwa kinaandikwa nil. Chochote kingine, hata kiwe nini, ni kweli, na C yangu nayo iliuliza swali hilohilo moja: ni nil au si nil? Neno "hapana" si nil. Kwa hiyo ni ndiyo.

"Ngoja nielewe," akasema dada. "Mimi namwambia hapana. Yeye anasikia ndiyo."

"Ndiyo, dada."

"Na nikimwambia hapana kwa sauti kubwa?"

"Bado ndiyo."

Akavuta kikombe, akapiga funda refu.

"Usihangaike kunieleza," akasema. "Huyu namjua, nimeishi naye miaka kumi na miwili."