Kifungo cha Maisha na Kesi Zinazofia Njiani

Julai 2023, Mahakama ya Rufani ya Kenya iliyoketi Malindi iliamua kwamba kifungo cha maisha kinakiuka Katiba, na mtu aliyepatikana na hatia ya kumnajisi mtoto mdogo akapunguziwa adhabu hadi miaka 40. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo, ikishikilia kwamba kuweka adhabu ni kazi ya Bunge. Tangu hapo mjadala wa kuwalinda watoto wetu umekwama kwenye idadi ya miaka.

Wanaotetea adhabu kali wana hoja nzito. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inataka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, na kisichopungua miaka 20 iwapo mtoto ana miaka 12 hadi 15. Viwango hivyo viliwekwa ili haki ya mtoto isitegemee mtazamo wa hakimu, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni: mwaka 2016 Mahakama Kuu ya hapa Malindi ilimwachilia huru mtu aliyekuwa amefungwa miaka 20, kwa maelezo kwamba msichana mwenyewe alijiendesha kama mtu mzima. Mtoto hawezi kubebeshwa lawama namna hiyo, na kwa makosa dhidi ya watoto wadogo naunga mkono msimamo wa Mahakama ya Juu.

Hata hivyo, ukali huohuo ndio unaozifunga nyumba midomo. Mshukiwa mara nyingi ni baba wa kambo au mjomba anayeilisha familia. Mama akiambiwa kwamba mshukiwa atafungwa maisha, wazee huitwa, maslaha (mapatano ya nje ya mahakama) yakafanyika, pesa kidogo zikatolewa, na mtoto akaendelea kulala chini ya paa lilelile. Kisheria familia haina uwezo wa kuifuta kesi, kwa kuwa uamuzi huo ni wa upande wa mashtaka, kwa idhini ya mahakama. Lakini upande wa mashtaka utafanya nini shahidi asipofika? Mama anayeishi Marafa, mashambani, aliyekwisha kuhangaikia fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari kuthibitisha madhara, hulipa nauli hadi mahakamani Malindi, akaambiwa kesi imeahirishwa, akarudi tena na tena, huku majirani wakimlaumu kwa kuivunja nyumba yake.

Jambo jingine ni vijana wapenzi. Mvulana wa miaka 18 na msichana wa miaka 17 huangukia sheria ileile, yenye kima cha chini cha miaka 15 jela, na hapo Bunge lingepaswa kumwachia hakimu nafasi ya kupima.

Msiba wa msitu wa Shakahola, ambako waumini walifunga kula hadi kufa, ulionyesha pengo kubwa kuliko yote. Mhubiri anayeshtakiwa alikwisha kukamatwa mwaka 2017 kwa madai yaliyohusu pia watoto kunyimwa shule. Miaka sita baadaye miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ikiwemo ya watoto wengi. Sheria zilikuwepo. Kilichokosekana ni afisa wa kuwafuatilia watoto wale nyumba kwa nyumba baada ya faili kufika mahakamani, na ndiyo maana ningetaka bajeti ijayo ianze na maafisa wa watoto mashinani, nauli za mashahidi na makao salama ya kumpokea mtoto siku ileile anaposema.