Birika la Bibi Lilivyonishika Mkono

Mke wangu aliondoka asubuhi kwenda kumwona shangazi yake, akaniachia agizo moja tu mlangoni: "Baba Watoto, nikirudi nataka lile kabati la chini lifungwe kwa mkono, si kwa goti."

Anayelijua kabati letu la jikoni angenionea huruma. Siku zote tunalifungua nusu, tunatupia kitu humo gizani, tunaliwahi kulifunga kabla halijatapika. Nilipolifungua lote, vifuniko vya plastiki viliporomoka mpaka sebuleni. Nikavipanga upande mmoja, vyombo upande wa pili, nikaanza kuoanisha. Ndoa zilizofungwa siku hiyo zilikuwa chache, na zote za kulazimishana. Plastiki ikichomwa na joto mara kwa mara hupinda, basi hata kifuniko kilichonunuliwa pamoja na bakuli lake kilifika pale, kikalitazama, kikagoma.

Unga uliokuwa nyuma kabisa ulikuwa na wakazi. Fukusi wale walionekana wameishi humo vizazi kadhaa bila bugudha, nikawahamisha wote na mfuko wao. Kopo la biskuti nililifungua kwa matumaini ya kitoto, ingawa nina umri wa kutosha kujua kwamba ndani ya kopo la biskuti hukaa nyuzi, sindano na vifungo vya mashati yasiyokuwepo tena.

Chini ya kopo hilo nikaukuta mwiko wa bibi, mama yake mama. Umelika upande mmoja mpaka umekuwa mshazari, na si ule upande ambao miiko mingi hulika, kwa sababu bibi alikuwa wa mkono wa kushoto. Hapo kazi ilisimama kidogo. Nilikaa sakafuni nikikoroga hewa kwa mkono wa kushoto.

Kisha zikaja bilauri mbili zilizonasana, moja ndani ya nyingine. Hizo nilizimudu kitaalamu: maji baridi ndani ya ile ya juu isinyae, ile ya chini nikaitia kwenye maji ya uvuguvugu itanuke. Zikaachana zenyewe, taratibu, bila ufa. Binti yetu wa sekondari, ambaye alikuwa msaidizi wangu kwa jina tu, alinyanyua macho kutoka kwenye simu akasema, "Hee, Baba!" Sifa zile ndizo zilizoniponza.

Maana kilichofuata kilikuwa birika la shaba, limeota kutu ya kijani, na ndani yake kitu kinagonga: ko, ko, ko. Nikaligeuza, hakitoki. Nikalitikisa, kinazidi kugonga. Nikatia mkono. Mkono uliingia vizuri kabisa, kwa adabu zote, vidole vikakikamata kikopo kidogo kilichokwama kwenye kona. Wakati wa kutoka, birika likasema hapana.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mimi nilikuwa nimetoka kutenganisha bilauri. Nikamweleza binti yangu kwa utulivu kwamba shaba ikipata joto hutanuka, nikachovya birika na mkono wangu kwenye maji ya moto kadiri ninavyoweza kuvumilia. Tukasubiri sayansi ifanye kazi.

"Baba," akauliza baadaye, "joto si linatanua na mishipa ya damu?"

Fizikia haikuwa na kosa. Ni mkono tu haukuisoma. Ulikuwa umevimba vizuri, umeenea birikani kana kwamba umeshonewa humo.

Jirani akaja, maana binti alikuwa ameshamwita. Alilizunguka birika, akalipigapiga, akaenda kwake akarudi na msumeno wa chuma na uso wa furaha nisiyoipenda. Binti naye, kwa hekima ambayo sijui kaitoa upande gani wa ukoo, akampigia mama yangu simu ya video.

Mama aliangalia kioo sekunde chache. Wala hakuniamkia. "Birika la mama yangu!" akapiga kelele. "Nani kashika msumeno? Weka chini! Mkono utapona, birika je?"

Nikamkumbusha kwamba mimi ni mwanawe wa kumzaa.

"Najua. Inua mkono juu ya kichwa, damu ishuke. Mwagieni maji baridi, kisha sabuni nyingi hapo shingoni. Na achia hicho ulichokishika, mwanangu, umekunja ngumi ya nini?"

Basi mke wangu aliporudi, ameongozana na huyo shangazi yake, alinikuta nimesimama katikati ya jikoni, birika liko juu ya kichwa, sabuni inatiririka kwapani, jirani kashika msumeno. Shangazi mtu aliamkiwa na birika. Alijibu "marahaba" kwa sauti ndogo, akarudi nyuma hatua moja.

Mkono ulitoka. Kikopo kilitoka baadaye, kwa kijiko. Ndani kulikuwa na meno ya utoto, madogo, ya njano, na kikaratasi chenye mwandiko wa bibi: "Ya kaka mkubwa. Moja kalimeza."

Kaka mkubwa ni mjomba, mzee mkali mwenye meno ya bandia juu na chini. Mama akamuunganisha kwenye simu kabla sijamzuia, na katika furaha yake akaropoka kwamba miaka yote hii alikuwa amemnunia wifi yake, akiamini ndiye aliyelichukua birika wakati wa msiba. Sasa kumbe lilikuwa kwangu, ndani ya boksi la vyombo alilotupatia mama mwenyewe tulipohamia, limeandikwa "VYOMBO" kwa mkono wake.

Kimya kilipita upande wa mjomba. "Kwa hiyo umemnunia mke wangu bure," akasema.

"Kaka, nisamehe."

"Nimekusamehe. Faini yako ni hayo meno. Ndiyo meno yangu ya kweli pekee yaliyobaki duniani."

"Hayo sitoi," mama akajibu. "Birika niliachiwa mimi, na vilivyomo."

"Dada, meno ya mtu aliye hai yanarithiwaje?"

Wakabishana mpaka salio likaisha. Tangu hapo kila mmoja ananipigia kwa siri kuniuliza nimeyaweka wapi.